Kengele ya kigango chetu ilikuwa ganda la bomu: siku mdogo wangu alipoipiga picha kwa nyutroni

Wakuu, nawasalimu kutoka huku Mbinga, upande unaoteremka kwenda Nyasa.

Mimi si mwandishi. Shule niliiacha kidato cha pili. Lakini humu nasoma sana, na juzi niliona uzi mmoja watu wanabishana kama Mtanzania anaweza kushiriki kutengeneza kifaa cha maana cha mambo ya nyuklia. Wengi walikuwa wanacheka tu. Nikaona niandike.

Niliyoyaona nitasema niliyaona. Niliyoambiwa nitasema niliambiwa. Majina nimebadilisha na kijiji sitakitaja.

Nyumbani tulizaliwa watatu. Mimi wa kwanza, ni mwanamke, akafuata Otmar, halafu Ditram.

Baba alikuwa katekista wa kigango chetu. Kwa wasiojua, kigango ni kanisa dogo la kijijini ambalo Padre anafika mara mojamoja. Siku nyingine zote katekista ndiye anayeongoza sala.

Mama alitangulia. Baba akafuata kabla kaburi la mama halijaota nyasi.

Nikakunja sketi ya shule, nikashika jembe. Sisemi hivi ili mnihurumie, huku tuko wengi. Tuna kahawa kidogo, na mteremkoni tunalima ngolo, yale mashimo yanayopangwa kama sega la nyuki ili mvua isiondoke na udongo. Wadogo zangu walikulia humo, mahindi na maharage, na walisomeshwa kwa mazao ya humo.

Sasa nije kwenye kengele.

Baba akiwa kijana alikwenda pande za Liparamba, karibu na mpaka, akarudi na pande la chuma. Nene, refu kama mkono wa mtu mzima, mbele limechongoka. Kule porini vyuma vya namna hiyo vilibaki tangu enzi za vita vya ukombozi vya wenzetu wa Msumbiji, na watu walikuwa wanaviokota kama wanavyookota kuni.

Baba akalifunga mnyororo, akalining'iniza kwenye mkaratusi mbele ya kigango. Padre alipokuja akalinyunyizia maji ya baraka. Tangu hapo likawa kengele. Unaligonga kwa kipande cha nondo, sauti inateremka bondeni na kupanda mlima wa pili.

Msiniulize kama tulijua ni bomu. Ukizaliwa unakuta kitu kinagongwa kila Jumapili, na hakijawahi kumdhuru mtu, utakiita bomu kwa sababu gani?

Otmar alipokua hakupenda shamba. Akaanza kuokota chuma chakavu. Alikuwa na baiskeli na mwenzake mmoja, Kanisius, wanazunguka vijijini hadi kule Ngumbo ziwani, wanakusanya sufuria zilizotoboka, majembe yaliyoisha, vipuri vya malori ya makaa ya mawe yanayotoka Ngaka.

Siku moja wakaletewa chuma kinachofanana na kengele yetu, kidogo kuliko ile. Mdomoni kilikuwa na kitu cha shaba, na shaba ndiyo waliyokuwa wanaitaka.

Haya niliambiwa na Kanisius mwenyewe. Alisema alisita. Akamwambia Otmar, "Mwanangu, hiki nakiogopa."

Otmar akacheka. "Unaogopa kengele? Ya baba imegongwa tangu sijazaliwa. Kama vinalipuka, kijiji chetu kingekuwa bwawa."

Kanisius akaenda jirani kuazima tindo ya pili. Ndiyo maana yuko hai. Alikuwa bado anasalimia pale mlangoni aliposikia mlio.

Tulizika kilichokuwepo. Sitaeleza zaidi.

Wanajeshi walikuja, wakauliza mkutanoni kama kijijini kuna vyuma vingine vya aina ile. Mimi nilikuwa ndani, msibani, sikuwepo mkutanoni. Niliambiwa watu waliangalia chini, mwenyekiti wa kijiji akasema hakuna. Na ile kengele ilikuwa imening'inia hatua chache kutoka walipokaa. Wala haikuwa njama. Kwa mawazo yao waliulizwa kuhusu mabomu, hawakuulizwa kuhusu kengele.

Nilipotoka msibani nilikwenda kwa Mzee Gaitani, mwenyekiti wa kigango. Huyo alikuwa rafiki wa baba.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Pole bado."

"Baba, naomba ile kengele ishushwe, tuwaite wale wanajeshi waione."

"Baba yako aliitundika. Padre akaibariki. Wewe utaishusha kwa cheo gani?"

"Kwa cheo cha dada wa Otmar."

"Otmar alikwenda kupasua kitu ambacho hakukijua. Kengele tunaijua. Nenda kapumzike, mwanangu. Uchungu unakusemesha."

Niliendelea kwenda. Kila nilipopata nafasi nilikwenda. Wakaanza kusema msiba umenigeuza akili, wengine wakasema nataka kufuta jina la baba yangu mwenyewe. Watoto walikuwa wanagombania nondo ili wagonge wao. Kila Jumapili ikigongwa nilikuwa nasimama nje ya nyumba yangu, nimekaza meno, nasubiri mlio wa pili.

Sasa Ditram.

Huyu alikuwa chuo kikuu, anasoma fizikia. Baada ya maziko alirudi chuoni, na kwa muda mrefu simu zetu zilikuwa za kusalimiana tu. Otmar hatukumtaja. Halafu siku moja akaniambia amejiunga na kikundi cha mwalimu wake mmoja, mwanamama tuliyekuja kumwita Dokta. Wanatengeneza kifaa cha kuona ndani ya chuma bila kukifungua.

Nikamuuliza, si ndiyo eksirei?

Akasema eksirei chuma kinene kinaizuia. Wao wanatumia nyutroni zenye kasi. Nitawaeleza alivyonieleza mimi, wasomi mtanirekebisha.

Nyutroni ni chembe ndogo mno. Ikikutana na chuma, kwa kuwa atomi za chuma ni nzito kuliko yenyewe, nyutroni nyingi zinadunda au zinapenya na kasi yao. Ikikutana na kitu chenye haidrojeni nyingi, kama maji, mafuta, plastiki au baruti, inagongana na kitu cha uzito wake. Ni goroli kugonga goroli: lililokuja linapoteza nguvu, lililogongwa linaondoka. Kwa hiyo ukirusha nyutroni upande mmoja wa chuma na kuzihesabu upande wa pili, panapopungua ujue ndani pana kitu.

Kazi ngumu ni kuzinasa. Vifaa vya kuzinasa vipo duniani, lakini vingi vimekaa maabara, vinajaza chumba. Wao walitaka cha kubebwa na watu wawili kupanda mlima. Kimejengwa kwa vijiti vya plastiki maalumu. Nyutroni ikigonga haidrojeni ndani ya kijiti, panatokea cheche ya mwanga, ndogo kiasi kwamba jicho haliwezi kuiona. Pembeni pana vihisi vinavyoigeuza kuwa umeme, laptop inachora.

Ndiyo maana sanduku lazima liwe giza kabisa. Mwanga wa jua ukipenya hata kwa tundu la sindano, cheche zote zinapotea ndani yake.

Nikamuuliza, "Na umechagua hiyo kazi kwa sababu gani?"

Akasema, "Dada, unajua."

Walihitaji kukijaribu nje ya maabara, kwenye kitu halisi. Ditram akataja kengele. Vibali vilichukua muda mrefu kuliko kujenga kifaa, alisema hivyo kama utani lakini hakucheka. Jeshi likatoa mtaalamu wa mabomu, tulikuwa tunamwita Sajenti. Yeye ndiye aliyemweleza Mzee Gaitani kwa lugha aliyoielewa:

"Mzee, hapa nina njia mbili. Kama limejaa na kichwa chake kizima, silisogezi, nalilipua hapohapo, na kanisa lako linaondoka, na makaburi haya pembeni. Kama ni tupu, nalishusha kwa mkono. Hawa vijana wanataka kuniambia ni lipi kati ya hayo mawili. Wewe unataka nibahatishe?"

Mzee akakubali wapige picha. Kwa shingo upande, lakini alikubali.

Walishuka kwenye pickup siku ya jua kali. Barabara yetu mnaijua. Sanduku la kifaa lilibebwa na vijana wawili wanaobeba kahawa, uzito wake ulikuwa kama gunia la kahawa kavu. Upande mmoja wa kengele wakaweka mashine ya kurusha nyutroni, upande wa pili sanduku. Ile mashine ikizimwa hairushi kitu, Dokta alirudia hilo mpaka watoto wakalikariri. Wakafunga kamba mbali, akakataza mtu kuvuka. Sisi wote tukakaa nyuma ya ukuta wa darasa la mafundisho la kigango.

Mzee mmoja akasema, "Mnaipiga picha kengele, mmeiambia itabasamu?"

Watu wakacheka. Mimi nilishindwa.

Picha ya kwanza haikuwa picha. Laptop ilijaa vitone vyeupe kila mahali. Dokta akazima mashine, Ditram akaenda kulikagua sanduku, akakuta mitikisiko ya barabara imefungua mshono mmoja kwenye kona. Jua lilikuwa linaingia.

Akarudi amelowa jasho. "Dada, viriba vya miche unavyo?"

Viriba ni ile mifuko myeusi ya nailoni tunayooteshea miche ya kahawa. Nikamletea fungu zima. Wakavipasua, wakalizungushia sanduku tabaka juu ya tabaka na utepe mweusi wa gundi, mpaka likawa kama maiti iliyoviringishwa. Samahani kwa mfano huo, lakini ndivyo nilivyoliona.

Wakawasha tena. Nilidhani picha itatokea kwa mkupuo kama ya simu. Kumbe inajengeka tone kwa tone, polepole, kama kiza kinavyoisha asubuhi. Tulikaa. Watu wakaenda kula wakarudi. Ditram hakutoa macho kwenye kioo.

Kwanza zikaonekana kuta za chuma, mistari miwili ya kijivu. Katikati pakabaki peupe.

Pakaendelea kubaki peupe.

Ditram akasema taratibu, "Ni tupu."

Sajenti akainama akaangalia muda mrefu. Akasema vya namna hii vilikuwepo, vya mazoezi, havikuwahi kujazwa. Wanajeshi wa enzi hizo walivitumia kujifunzia.

Wakuu, ningependa kuwaambia nilifurahi.

Nilichofikiri ni Otmar. Kengele ya baba haikulipuka kwa sababu haikuwa na kitu. Na hiyo kengele tupu ndiyo iliyomfundisha mdogo wangu kwamba vyuma vile havilipuki. Ditram alifunga laptop, akaenda nyuma ya darasa. Nilimfuata. Alikuwa amesimama tu, ameweka paji la uso ukutani. Nilisimama naye.

Huku nyuma kijiji kilikuwa kinashangilia.

"Si tulisema?" Mzee Gaitani alikuwa anawaambia watu. "Chuma kilichobarikiwa. Msomi wetu mwenyewe amethibitisha. Hamna kitu humo."

Watu wakatawanyika kwenda makwao. Sisi tukadhani imekwisha, Dokta akaanza kukunja nyaya.

Halafu Kanisius ndiye aliyewaona kwanza. Akaniita kwa jina, akanyoosha kidole bondeni.

Walikuwa wanapanda kwenye vijia kati ya mashimo ya ngolo. Mama mmoja ana tenga kichwani. Kijana ana kitu amekikumbatia kama mtoto. Wengine nyuma yao. Walikuwa wanaleta vyuma vyao. Kumbe vilikuwepo. Chini ya vitanda, nyuma ya mabanda ya nguruwe, kimoja kilikuwa kinazuia mlango wa ghala. Wengi walivificha kwa woga tangu Otmar alipokufa, na sasa picha ilikuwa imewaondolea woga.

Wa mbele alikuwa Mzee Gaitani. Kachukua chake begani.

"Na hiki mkipige," akasema. "Nanyooshea majembe juu yake miaka yote."

Mdomoni kilikuwa na shaba.

Sajenti hakupiga kelele. Sauti yake ilikuwa ya chini, kama mtu anayeongea na ng'ombe aliyekata kamba.

"Wazazi wangu. Kila mtu asimame alipo. Msigeuke. Msitupe chini. Pigeni goti taratibu, mlaze chuma kwenye nyasi, halafu mrudi nyuma mlikotoka."

Mama wa tenga akapiga goti. Kijana akapiga goti. Mmojammoja wakalaza, wakarudi kinyumenyume.

Mzee Gaitani akabaki amesimama.

"Mzee, piga goti," Sajenti alisema, akianza kumfuata. Lakini alikuwa mbali, ng'ambo ya kamba. Mimi ndiye niliyekuwa karibu.

"Magoti yangu hayakunji," Mzee akasema. Alikuwa ameelewa. Nilimwona anavyoelewa, uso wote ulishuka.

Nikaenda.

"Dada, rudi," Sajenti akasema.

Sikurudi. Nilizika mmoja aliyeuawa na kitu kama kile, nisingeweza kusimama kuangalia wa pili. Nikamshika Mzee kiunoni kwa mkono mmoja, mwingine nikauweka chini ya kile chuma.

"Niegemee baba. Uzito wote. Usinihurumie."

"Mwanangu, nitakuangusha."

"Nimebeba mifuko ya mbolea kwenye mlima huu. Niegemee."

Tukashuka pamoja. Sijui ilichukua muda gani. Pumzi yake ilikuwa inanigonga shavuni. Tukalaza chuma kwenye nyasi, na alipokiachia nilihisi mwili wake umekuwa mwepesi kama wa mtoto. Sajenti akafika, akatuvuta wote wawili kwa kola.

Kile walikipiga picha hapohapo kilipolala, bila kukigusa. Safari hii nilisimama nyuma ya Ditram. Kuta zikaja. Katikati pakaja peusi, pamejaa mpaka shingoni, na kule mdomoni kikaonekana kidude chembamba chenye umbo lake. Sajenti akakionyesha kwa kidole bila kugusa kioo.

"Hicho ndicho kinachosubiri nyundo," akasema.

Mzee Gaitani aliomba aone. Akaletewa laptop alipokaa. Akaangalia, akafunga macho. "Wajukuu wangu wanakaa juu yake wanapomenya mahindi," akasema.

Kijiji kizima kikahamishwa ng'ambo ya bonde. Sajenti akavilipua vyote pale vilipolazwa. Udongo ulipanda juu ya mikaratusi. Tuliporudi, kwenye ngolo ya Mzee, ambamo vile vijia vinapita, palikuwa na shimo ambalo jembe halichimbi, na mahindi yamelala chini kulizunguka lote, mizizi juu. Madirisha ya kigango yalivunjika. Watu wote walikuwa wazima.

Kengele ilishushwa. Mzee Gaitani mwenyewe ndiye aliyetamka, Jumapili iliyofuata, mbele ya waamini wote: "Haina kosa, lakini imetudanganya. Ishusheni." Siku hizi tunaitwa kwa rimu ya lori. Sauti yake mbaya na haifiki mbali, na wapo ambao mpaka leo hawanisalimii kwa sababu hiyo.

Kuhusu kifaa, bado ni cha majaribio. Ditram anasema kinahitaji kuwa chepesi zaidi, kistahimili unyevu wetu na barabara zetu, na picha ije haraka. Anasema ni kazi ya miaka. Anaifanya.

Nilichojifunza ni kwamba kitu kutokuua jana si ushahidi. Inawezekana ulichonacho wewe ni kitupu na cha jirani kimejaa, na kwa nje vinafanana kama mapacha. Na kifaa cha Ditram kinaona ndani ya chuma, lakini hakioni ndani ya nyumba ya mtu. Lazima mtu aseme, "ninacho."

Hapa ndipo moyo wangu haujatulia. Baada ya ule mlipuko wapo waliojua walichonacho, wakaogopa polisi, wakanyamaza. Vingine nasikia vimetupwa mtoni. Vingine vimeuzwa kwa wanaookota chakavu, yaani kwa akina Otmar wengine.

Kama uko pande hizi, au popote mpakani, na una chuma usichokielewa asili yake, usikibebe, usikigonge, usimpe mtu. Kiache kilipo, watoto wakae mbali, kamwambie mwenyekiti wako. Hakuna mtu wa kwetu aliyekamatwa kwa kusema.

Karibuni mtoe maoni. Wanaojua fizikia, nirekebisheni nilipokosea. Waliowahi kuishi na kitu kama hiki nyumbani, semeni mlifanyaje. Na wanaoona nilikosea kuhusu kengele ya baba semeni pia, nimeshazoea.

Nitasoma nikirudi. Kuna mama mmoja jirani amefunga banda lake la nguruwe kwa kufuli tangu siku ile ya kulipua, na nguruwe hana. Kila nikimuuliza anasema hana kitu. Napita kwake tena sasa hivi.